Chama kilichopiga marufuku noti garini: uchambuzi wa kisa cha matatu za Nairobi

Kisa chenyewe

Hiki ni kisa cha chama kimoja cha matatu jijini Nairobi kilichoamua kwamba nauli yote ilipwe kwa simu. Agizo hilo lilivunjika baada ya wiki chache, na chama kikalazimika kuanza upya kwa njia nyingine kabisa. Kamati yake ilinialika kupitia hesabu na kuwasikiliza madereva, makanga (makonda wanaokusanya nauli) na wenye magari, kwa hiyo mengi nilijionea, na mengine nimeyapata kwa waliokuwepo. Jina la chama, njia yake na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa. Pesa za garini nimezitaja kwa makadirio. Ada za huduma za simu na matukio ya kitaifa ni kama yalivyo.

Nakiandika kwa ajili ya kamati nyingine zinazofikiria hatua kama hiyo, na kwa yeyote anayejiuliza kwa nini nchi iliyozoea kununua sukumawiki kwa simu ilichukua miaka mingi hivyo kulipa nauli kwa simu.

Usuli

M-Pesa ilianza Machi 2007. Muda si mrefu mama mboga, kinyozi, fundi wa viatu na hata sadaka ya kanisani vyote vilikuwa vinalipiwa kwa simu. Matatu zilibaki nyuma, na haikuwa kwa kukosa juhudi. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay. Mwaka uliofuata kanuni mpya za magari ya abiria zilitoka, na serikali ikasema kuanzia Julai 1, 2014 nauli isipokelewe kwa pesa taslimu. Kadi zikawa nyingi, kila moja na mwenyewe, na abiria mwenye kadi ya huku akipanda gari la kule haimfai kitu. Tarehe ya mwisho ikasogezwa, ikasogezwa tena, kisha hakuna aliyeitaja. BebaPay ilifungwa 2015.

Mabadiliko yaliyoshika yalikuja bila agizo. Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya na kampuni za simu walikubaliana kuondoa ada ya kutuma pesa isiyozidi shilingi 1,000, ili watu wapunguze kushikana noti. Nafuu hiyo iliisha mwishoni mwa mwaka, lakini kutuma shilingi 100 kushuka chini kulibaki bure. Mitaa mingi ya Nairobi nauli yake haizidi mia. Abiria wakafanya hesabu wenyewe. Aliyekosa noti ndogo, au aliyechoka kudai chenji mpaka anashuka, akaanza kuuliza: "Konda, namba yako?" Makanga akaitaja kwa sauti, wengine watatu wa kiti cha nyuma wakaitumia pia. Mashine haikununuliwa, semina haikufanywa.

Chama ninachokizungumzia kina magari ya abiria 33 na yale madogo ya 14, yanayotoka mtaa mmoja wa mashariki ya jiji kwenda katikati ya mji. Magari si mali ya chama. Kila moja lina mwenyewe, na wengi wanamiliki moja tu, tena la mkopo. Kanuni zinataka gari liwe chini ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, kwa hiyo wamekusanyika. Chama kina ofisi ndogo, karani, na kamati inayochaguliwa.

Kazi ya noti ndani ya gari

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kila kilichoharibika baadaye kilitokana na kutolitazama jambo hili vizuri.

Dereva analichukua gari alfajiri. Mwenye gari anadai hesabu, yaani kiasi maalumu kinachopaswa kumfikia usiku, na kwa gari la abiria 33 katika njia hii hesabu ya siku ya kawaida ilikuwa kama shilingi 6,000. Dereva na makanga wanaanza na tangi karibu tupu. Nauli ya safari ya kwanza inaingia kwenye mafuta. Ya pili inaanza kugawanyika: manamba wa steji waliojaza gari wanapewa chao, kijana aliyeosha gari anapewa chake, chai na mandazi, kisha ile ya barabarani, yaani hongo, ambayo haina risiti na kila mtu anajua inakwenda wapi. Mchana dereva akitaka kupumzika anampa gari skwodi, dereva wa akiba asiye na gari lake, anapiga safari mbili tatu na kulipwa papo hapo anaposhuka. Jioni ndiyo ya kutafuta hesabu. Kinachobaki juu yake ni cha dereva na makanga, na hicho ndicho mshahara wao. Kanuni za 2014 zinataka wawe na mkataba wa maandishi na malipo ya mwezi. Katika chama hiki sikuona mkataba hata mmoja.

Yote hayo yanalipwa kutoka kwenye fungu moja la noti ambalo makanga amelikunja kwa urefu na kulibana katikati ya vidole, hamsini upande wake, mia upande wake, mia mbili nyuma. Anachomoa bila kutazama. Fungu hilo ndilo kasha la mafuta, ndiyo mishahara, ndiyo akiba ya dharura. Tena linaficha: mwenye gari anaijua hesabu yake tu, hajui gari limeingiza ngapi. Siku ya mvua nauli inapopanda, ziada ni ya waliokuwa kazini. Siku mbaya hesabu isipofika, wanajazia kutoka mifukoni mwao au wanaomba radhi.

Agizo la kwanza

Kamati ilikuwa na sababu zake, na nyingi zilikuwa za kweli. Wenye magari walikuwa wanaona nauli ikiingia kwenye simu za makanga na wakahisi wanaibiwa kwa njia mpya. Benki zilikuwa zinawakatalia mikopo kwa kuwa hawakuweza kuonyesha gari linaingiza nini. Makanga wawili walikuwa wamevamiwa usiku karibu na steji ya mwisho, mmoja akaumizwa.

Uamuzi ukapitishwa katika mkutano wa wenye magari: chama kitafungua tili moja, ile nambari ya biashara ya Lipa na M-Pesa, na abiria wote watalipia hapo. Noti hazitapokelewa. Mafuta yatalipwa na ofisi. Dereva na makanga watapokea malipo ya wiki kila Jumamosi. Madereva walijulishwa kwa tangazo kwenye kundi lao la WhatsApp na karatasi iliyobandikwa ofisini. Hawakuitwa mkutanoni.

Mambo yalivyokwenda

Siku ya kwanza shida ilijitokeza kabla jua halijapanda. Tili ilikuwa moja kwa magari yote, na meseji za uthibitisho zilikwenda kwenye simu ya karani ofisini. Makanga hakuwa na namna ya kujua nani amelipa isipokuwa kuangalia simu ya abiria mmoja mmoja. Gari limejaa, watu 33, jioni taa ya ndani ni hafifu, na makanga anainama kila kiti kusoma meseji ndogo yenye tarehe na saa. Wapo waliomwonyesha meseji ya jana. Yupo aliyekuwa ameihariri. Makanga wakaanza kumpigia karani kuuliza kama mwenye simu inayoishia tarakimu fulani amelipa, na karani, mwenye meseji zinazoingia kwa mfululizo kutoka magari yote kwa pamoja, akashindwa kujibu hata robo ya simu hizo.

Gari likasimama stejini kwa muda mrefu zaidi. Magari ya chama kingine cha njia hiyohiyo yakawa yanajaa na kuondoka.

Asubuhi ya siku ya pili dereva mmoja aliishiwa mafuta njiani akiwa na abiria. Gari lilikuwa limeingiza pesa ya kutosha tangu alfajiri, ila yote ilikuwa kwenye tili, na mwenye idhini ya kuitoa alikuwa kwenye foleni benki. Mwenye gari akatuma pesa kutoka kwenye simu yake. Wiki hiyo wenye magari kadhaa walifanya hivyo, wakalipia mafuta mfukoni huku mapato yao yakikaa ofisini.

Skwodi walikataa kazi. Hawa ni watu wanaokula walichopata leo, na kuambiwa wasubiri Jumamosi lilikuwa jambo lisilowezekana kwao. Madereva wakakosa wa kuwapumzisha, wakawa wanaendesha kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Jambo hilo peke yake lingetosha kuisimamisha kamati na kuifanya ifikiri upya, maana dereva aliyechoka ni hatari kwa kila aliye barabarani.

Abiria nao. Wanafunzi wa shule ya msingi hawana simu. Wazee wengi wanaitumia simu kupokea pesa kutoka kwa watoto wao, si kuandika nambari za tili wakiwa wima kwenye gari linaloyumba. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka sokoni alikuwa na sarafu za ishirini ishirini tu, mapato ya siku nzima, akaambiwa ashuke. Abiria wenzake walibishana kwa niaba yake, mmoja akamlipia kwa simu yake na kupokea sarafu zile. Habari hiyo ikazunguka mtaani haraka, na wakazi wengi waliniambia ndipo walipoanza kukichukia chama.

Kisha ikaja Ijumaa moja jioni, mvua inanyesha, mji mzima unataka kwenda nyumbani, malipo ya simu yakakwama kwa zaidi ya saa moja. Wengine pesa zilikatwa na uthibitisho haukuja. Makanga waliofuata agizo walizuia watu mlangoni kwenye mvua. Waliolipuuza walipokea noti. Usiku huo noti zilirudi kwa mlango wa nyuma na hazikuondoka tena: makanga wakagundua wanaweza kunong'ona, "Keshi ni themanini, simu ni mia." Abiria wakachagua themanini. Noti ile haikufika kwenye tili, ikaenda moja kwa moja mfukoni, na sasa bila hata kivuli cha hesabu kwa sababu hesabu ilikuwa imefutwa.

Jumamosi ya malipo karani alikuwa hajamaliza kuoanisha meseji na magari. Madereva wengine walipata kidogo kuliko walichotarajia, wengine hawakupata kitu hadi Jumanne. Jumatatu alfajiri magari hayakutoka. Kufikia mchana kamati ilikuwa imeliondoa agizo.

Kipindi cha kila mtu na namba yake

Baada ya agizo kufa, abiria hawakuacha kulipa kwa simu, kwa sababu hawakuanza kwa ajili ya agizo. Walirudi kutuma kwenye namba ya makanga, safari hii kwa wingi zaidi. Miezi michache ya hapo ilifundisha mengi kuliko mkutano wowote.

Makanga mmoja alianza siku akiwa anadaiwa Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa unaojilipa wenyewe pesa yoyote ikiingia kwenye laini. Abiria kumi wa kwanza walituma nauli, na nauli zote zikamezwa na deni lake la wikendi. Gari likafika kituo cha mafuta, dereva anadai pesa, makanga anaonyesha salio la sifuri. Walisukumana pale kituoni, na makanga akapoteza kazi.

Wapo abiria waliotuma nauli, wakashuka, kisha wakasambaza meseji kwenda 456 kuomba muamala urudishwe kana kwamba wamekosea namba. Shilingi themanini zinaonekana ndogo mpaka ziwe za abiria wanne katika safari moja, na mwenye kujazia ni makanga.

Lipo na lililonikasirisha zaidi ya mengine. Wakati huo mtu alipotuma pesa, jina na namba yake vilimfikia mpokeaji. Wasichana, hasa wa vyuo, wakaanza kupokea meseji usiku kutoka kwa makanga: salamu, kisha maswali, kisha kujua wanashukia wapi. Mmoja alikuja ofisini na mama yake, akaweka simu mezani na kuomba kamati isome. Mwenyekiti alisoma mbili, akairudisha. Msichana alisema tangu wiki iliyopita analipa kwa noti tu, na chenji hadai, anashuka haraka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na namba iliyotolewa kwa ajili ya nauli haikutolewa kwa ajili ya kitu kingine. Chama kilikuwa hakijawahi kufikiri kwamba sheria hiyo inakihusu.

Uamuzi wa pili, na kwa nini

Mara hii kamati iliita watu wote: wenye magari, madereva, makanga, skwodi wawili waliochaguliwa na wenzao. Mkutano ulikuwa mrefu na wenye kelele. Mapendekezo ya kununua kadi na mashine yalitupwa mapema. Wazee wa chama waliikumbuka 2014 na kadi zilizobaki kwenye droo, na pia abiria alikuwa tayari ana chombo cha kulipia mkononi.

Walikubaliana kwanza kila gari liwe na tili yake. Meseji za uthibitisho ziende kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe inayokaa garini na kushikwa na makanga aliye kazini, na mwenye gari aone makusanyo kwenye simu yake pia. Tili ilichaguliwa kwa sababu tatu za wazi. Abiria hakatwi kitu. Biashara nayo haitozwi kwa malipo yasiyozidi shilingi 200, na nauli zote za njia hii ziko chini ya hapo. Tena pesa haigusi laini ya mtu binafsi, kwa hiyo deni la makanga halimezi mafuta ya gari.

La pili lilikuwa gumu kuliko yote: lini na vipi wafanyakazi walipwe. Makanga mmoja mzee alisimama na kusema hatajali pesa imepitia wapi mradi analala nayo. Hapo ndipo kamati ilipoelewa. Iliamuliwa kwamba hesabu irudi, na kila usiku baada ya safari ya mwisho pesa ya tili igawanywe hapo hapo: hesabu kwa mwenye gari, kilichobaki kwa dereva na makanga kwenye simu zao. Ada ya kutoa kwa wakala, ambayo ni shilingi 29 ukitoa kati ya 101 na 2,500, ilizua ubishi wa karibu saa nzima. Wafanyakazi walisema noti ilikuwa haiwagharimu kitu. Hoja yao ilikuwa ya haki, na wenye magari wakakubali kuibeba, kwa sababu wao ndio waliotaka kumbukumbu.

Noti hazikupigwa marufuku. Zinazoingia zinaandikwa kwenye daftari la safari na kutumika kwanza kwa steji, chakula na skwodi. Mafuta yanalipwa kutoka kwenye tili ya gari, kwa simu, kituoni. Mtandao ukilala gari linaondoka, na nauli ambayo haikupatikana katika safari hiyo haimwangukii makanga peke yake. Makanga akimwandikia abiria meseji isiyohusu nauli anasimamishwa kazi siku hiyo.

Matokeo

Asubuhi na jioni, saa za watu wa ofisi, simu zimechukua sehemu kubwa ya nauli. Mchana ni mchanganyiko. Safari fupi za shilingi ishirini au thelathini, watoto wa shule na wafanyabiashara wa sokoni bado ni sarafu na noti, na hakuna anayewasumbua. Ugomvi wa chenji umepungua sana. Makanga anarudi usiku na fungu jembamba, na katika miezi niliyokuwa nikifuatilia sikusikia aliyevamiwa kwa ajili ya makusanyo.

Wenye magari wawili walipata mkopo kwa kutumia taarifa za tili. Dereva mmoja mkongwe pia alikopeshwa na chama kwa mara ya kwanza, kwa kuwa malipo yake ya kila usiku sasa yanaonekana. Hilo lilinifurahisha.

Ile ya barabarani haikuondoka. Ilirudi kwenye noti za mchana, na ndiyo sababu moja ambayo dereva ataendelea kuhitaji noti hata abiria wote wakihamia kwenye simu.

Na kile ambacho wafanyakazi walikiogopa tangu mwanzo kilitokea. Baadhi ya wenye magari, walipoona kwa macho yao gari linaingiza ngapi siku ya mvua, walipandisha hesabu. Mmoja alipandisha kwa shilingi elfu moja ndani ya mwezi wa kwanza. Madereva watatu wazuri walihama kwenda chama ambacho bado kinatumia noti. Kamati ikaweka kanuni kwamba hesabu haibadilishwi bila kikao, lakini mwenye gari akimwambia dereva kando, "ukikataa nitampa mwingine," kanuni hiyo haimsaidii.

Uchambuzi

Agizo la kwanza lilivunjika kwa sababu liliiona noti kama njia ya kulipa nauli tu. Kwa abiria ndivyo ilivyo. Kwa waliomo kazini noti ilikuwa mshahara wa siku, mafuta ya saa nne asubuhi na malipo ya skwodi anayeshuka saa nane. Kamati iliziondoa kazi hizo zote kwa mkupuo mmoja na kuweka mbadala wa moja tu. Hata ofisi ingekuwa na makarani watano na mtandao usiolala, skwodi wasingesubiri Jumamosi.

Mfano wa London unasaidia hapa, hasa kwa sababu ya tarehe. Mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu Julai 6, 2014, siku tano baada ya tarehe ambayo Kenya ilikuwa imeiweka kwa matatu. Kule jambo lilipita karibu bila kelele. Lakini kadi ya Oyster ilikuwa imeanza 2003, kadi za benki za kugusa zilikubaliwa kwenye mabasi tangu Desemba 2012, na waliokuwa wanalipa kwa sarafu walikuwa wamebaki chini ya asilimia moja. Zaidi ya hayo dereva wa basi la London analipwa mshahara na kampuni, basi lijae au liende tupu. Karibu nasi, Kigali ilianza kutumia kadi ya Tap&Go mwaka 2015, baada ya jiji kuwa limekwisha kuyaweka mabasi chini ya kampuni chache zenye njia zao. Katika miji yote miwili ajira na mpangilio wa magari vilitangulia, marufuku ya pesa taslimu ikafuata. Nairobi ya 2014 ilianza na marufuku, na chama hiki kilirudia kosa lile lile kwa udogo wake, miaka mingi baadaye, kikiwa na teknolojia bora zaidi.

Mpango wa pili ulishika kwa sababu ulimlipa mtu usiku ule ule na kumwachia makanga uthibitisho mkononi. Kabambe ya gari ilikuwa ya bei ndogo kuliko kitu chochote kilichowahi kupendekezwa, na ndiyo iliyomaliza udanganyifu wa meseji za jana, kwa kuwa simu inalia mfukoni mwa anayedai nauli. Kuacha noti zipungue zenyewe pia kulikuwa uamuzi sahihi. Waliobaki na noti ni wale wale ambao agizo la kwanza liliwashusha garini, na sioni faida yoyote ya umma katika kumlazimisha mtoto wa darasa la tatu awe na simu ili afike shule.

Kuhusu wasichana na namba zao, tili imepunguza tatizo na adhabu imesaidia, lakini chama kilichelewa. Malalamiko ya kwanza yalikuja ofisini miezi kabla ya yule aliyekuja na mama yake, na karani aliyaona kama mambo ya vijana. Kamati yoyote inayofuata njia hii ianze na swali la nani ataiona namba ya abiria na atazuiwaje kuitumia, kabla haijafungua tili hata moja.

Ninapotofautiana na kamati ni kwenye uwazi. Wanasema mfumo umeleta uwazi, na umeleta, upande mmoja. Mwenye gari sasa anaona kila shilingi anayoingiza dereva. Dereva haoni rejesho la mkopo wa gari, bima, wala ada za chama ambazo anaambiwa ndizo zinazolazimisha hesabu kupanda. Zamani fungu la noti lilimlinda mnyonge katika mapatano hayo, kwa njia mbaya, ya kuficha, lakini lilimlinda. Limeondoka, na mahali pake hapajawekwa mkataba ambao kanuni zimekuwa zikiudai tangu 2014.

Wakati naandika haya, wenye magari wawili wamekubali kujaribu mgao wa asilimia badala ya hesabu: makusanyo yakipanda kila mmoja anapanda, yakishuka wote wanashuka. Madereva wao hawajatia sahihi. Wanasema wataitia siku watakapoonyeshwa karatasi za mkopo wa gari, na mmoja wa wenye magari ameahidi kuzileta kwenye kikao kijacho.